Chombo Kisubiri Mihogo

Ipo siku moja, mwanangu Idrisa, ambayo miaka yote hii nimejaribu kuisahau nikashindwa, na juzi imenirudia kwa sababu yako. Nilikuwa nimekaa barazani hapa Ipuli, miwani puani, nasoma hiyo riwaya uliyoitunga mwenyewe, uliyoniletea ikiwa imechapwa stesheneri, kurasa mia tatu na ushee. Ulisema, "Bibi, hii ni ya vijana, kuna mambo ya anga na uchawi, usishangae." Sikushangaa. Nilikasirika. Ndiyo maana nakuandikia badala ya kukuita, kwa sababu ningekuita ningesema mengi kuliko haya.

Acha nianze na madogo. Hiyo theluji inayoanguka tangu ukurasa wa kwanza umeiona wapi, wewe ambaye baridi ya mwezi wa saba tu hapa Tabora unavaa masweta mawili? Mashujaa wako wote wana miaka kumi na sita, na wote ni yatima. Na wazee! Nimewatafuta wazee wako kwa kalamu nyekundu, nimewapata wanne. Mmoja anatoa unabii halafu anakufa. Wa pili anatoa upanga, anakufa. Wa tatu anafungua mlango, hata hajaufunga, anakufa. Wa nne amekufa kabla kitabu hakijaanza. Tumekukosea nini, mwanangu?

Hayo yote ningekusamehe. Nilicheka hata, pale joka linapokoroma mpaka walinzi wanakosa usingizi. Kilichoniinua barazani ni ukurasa wa kumi na mbili. Umeandika: "Wakazi wote wa sayari wakahamishwa." Nukta. Mstari unaofuata kijana wako tayari yuko mlangoni pa chombo cha anga, nywele zinapepea. Wakazi wote, kwa maneno matano! Nilikifunga kitabu, nikaenda kusimama uani kwenye banda la kuku mpaka moyo ukatulia.

Sasa nisikilize, maana kosa hilo sikusimuliwa. Nililifanya mwenyewe, kwa sauti, mbele ya watu, na mtu mwingine akalibeba.

Hukujua kwamba bibi yako naye aliwahi kuandika mambo ya nyota. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, binti wa fundi cherehani wa mjini, nimepelekwa kijiji kimoja cha ujamaa njia ya kwenda Usinge kufundisha kisomo cha watu wazima. Watu wa kijiji kile walikuwa hawajafika hata miaka miwili pale. Walitolewa kwenye makazi yao ya zamani msituni, wakaletwa kwa lori, nyumba zao zikapangwa kwa mistari. Mimi mtoto wa mjini niliiona mistari ile inapendeza.

Katika wanafunzi wangu kulikuwa na mjane mmoja aliyekuwa akiishi peke yake, Bibi Nyamizi. Alishika penseli kama mpini wa jembe, akavunja ncha kila siku, na kila siku akarudi. Alipoandika jina lake kwa mara ya kwanza aliliangalia muda mrefu, akasema kitu kwa Kinyamwezi, darasa zima likacheka. Sikuuliza amesema nini. Nilikuwa na majivuno, mwanangu, mtu asikudanganye kwamba nilizaliwa mzee.

Redioni tulikuwa tumesikia kwamba watu wamefika mwezini wakarudi. Nikasema moyoni, basi sisi tutapita hapo. Nikachukua daftari, lile la jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma, nikaanza riwaya. Kijiji chetu, miaka mingi baadaye, kinahamia kwenye nyota. Wasichana wanaendesha vyombo, chakula ni vidonge, mvua inaitwa kwa swichi. Nilijiona mjanja sana kwa jinsi nilivyoianza. Ukurasa wa kwanza ulikuwa hotuba ya mwenyekiti wa kijiji wa wakati huo ujao: "Ndugu wananchi, mwezi ujao kijiji chote kitahamia juu. Kila mtu atachukua mzigo mmoja. Nyumba mtazikuta huko."

Kuna mambo mawili uyajue hapa, la sivyo utadhani watu wale walikuwa wajinga, na mjinga alikuwa mmoja tu. Kule hadithi ilikuwa na saa yake na mlango wake. Saa yake ni jioni, jembe likishawekwa chini. Mtoto akianza kusimulia hadithi mchana anatumwa maji akome. Na mlango wake ni kuitikiana. Msimulizi anasema, "Hadithi, hadithi!" na watu wanamwitikia, "Hadithi njoo!" Wasipoitika, hana ruhusa ya kuendelea. Hilo ni la kwanza. La pili, mchana mtu akigonga kile kipande cha reli kilichoning'inia nje ya ofisi ya kijiji, akasimama na karatasi mkononi, hiyo ni habari ya serikali. Haikuwahi kuwa kitu kingine. Hata kule kwao msituni, ni mtu wa karatasi aliyekuja mchana kuwaambia kwamba wanahama.

Yote mawili niliyajua. Niliyaona ya kishamba tu, na mimi nilikuwa mwandishi wa kisasa.

Basi mwenyekiti wetu, Mzee Maganga, alikuwa amekwenda mkutanoni Urambo. Saa nane mchana nikagonga reli mwenyewe. Watu wakaja, wengine na majembe begani. Nikasimama pale pale anaposimama Mzee Maganga, nikafungua daftari, sikusema hadithi wala nini, nikaanza: "Ndugu wananchi, mwezi ujao kijiji chote kitahamia juu."

Majembe yakashushwa begani, moja moja. Nilidhani wamevutiwa. Nikaongeza sauti. Nikafika kwenye vidonge, nikafika kwenye swichi ya mvua. Mzee mmoja nyuma akanyoosha mkono.

"Na mbuzi je, Mwalimu?"

"Mbuzi hawatahitajika huko," nikamjibu, tena kwa tabasamu, maana nilijua sana jinsi ya kuigiza.

Hakuna aliyepiga makofi. Waliondoka wawili wawili, wakisema chini chini kwa Kinyamwezi. Nikarudi chumbani kwangu nikaandika sura ya pili.

Wengi, kumbe, waliamua kumsubiri Mzee Maganga arudi wamuulize. Bibi Nyamizi hakusubiri. Alikosa darasa siku moja, akakosa ya pili, na ya tatu nikaenda kwake kumgombeza. Ndiyo, kumgombeza, mwanamke wa umri wa bibi yangu.

Nilipofika nilisimama. Shamba lake la mihogo nyuma ya nyumba lilikuwa tupu. Mihogo ile ilikuwa na miezi mitano tu, imepandwa na mvua za mwanzo, na yote ilikuwa imeng'olewa. Juu ya jiwe kubwa alikuwa ameianika vipande vipande ikauke iwe makopa, vijimihogo vyembamba kama vidole vya mtoto. Mahindi yake mwaka ule yalikuwa yameliwa na nyani. Mihogo ile ndiyo iliyokuwa mwaka wake mzima. Na karibu na mlango palikuwa na mzigo umefungwa kwa kamba ya mti, safi, imara. Mzigo mmoja, kama nilivyosoma.

"Shikamoo, bibi," nikasema. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwamkia.

"Marahaba, Mwalimu. Lori linakuja lini?"

Nikamwambia hakuna lori. Nikamwambia nilikuwa nasoma hadithi tu, kitu nilichotunga mwenyewe, kwamba hakuna mtu anayeweza kuhamia kwenye nyota. Maneno yalinitoka ovyo. Bibi Nyamizi akakaa kizingitini, akatazama jiwe lake lililojaa makopa.

"Hadithi," akasema. "Mbona sikukuitikia?"

Hakungoja nimjibu, akaendelea.

"Ulidhani nimeamini nyota? Nyota au Usinge, mimi sikusikiliza ni wapi. Nilisikia kuhama. Walipotuhamisha kule kwetu niliacha mihogo ya miaka miwili ardhini. Waliniambia nitarudi kuichimba. Niliporudi nguruwe pori walikuwa wameimaliza, na mwaka ule ule wa njaa nikamzika mume wangu. Nikaapa, wakija tena na karatasi yao, sitaacha hata mzizi mmoja." Halafu akanigeukia. "Babu yangu alikuwa mpagazi. Alibeba mizigo ya watu kutoka Unyanyembe mpaka pwani. Lakini hakuna msafara uliompata kabla hajauliza, nikiondoka nani atalima? Na mvua zikikaribia alirudi, hata wamwahidi nini. Wewe umetubeba kijiji kizima mpaka mbinguni, na hukuuliza. Hebu niambie, Mwalimu, katika hilo daftari lako kuna mwanamke mwenye mihogo?"

"Hayumo, bibi."

"Basi miezi yote hii umetufundisha bila kutuona."

Nililia, mwanangu. Aliniacha nilie, hata hakunipa pole, na alifanya vizuri. Nilipomaliza akanipa panga.

Mvua zilikuwa zimekwisha, kwa hiyo hakukuwa na kupanda. Tulikata vijiti vya mihogo ile, tukavifukia bondeni penye unyevu visikauke. Mzee Maganga aliporudi nilimweleza yote mbele ya watu wote, nimesimama pale pale kwenye reli, na aibu ile naijua mpaka ladha yake. Nilipaswa kurudi mjini mwezi wa sita. Sikurudi. Baba alituma watu wawili kunifuata, nikawarudisha. Posho yangu ya unga tuligawana mimi na Bibi Nyamizi, na majirani wakaongeza walichokuwa nacho, kidogo kidogo, kiangazi chote. Kuna siku tulilala na uji. Mvua zilipoanza tukapanda upya, yeye mbele na mimi nyuma, na alinirudisha kila nilipochomeka kijiti kichwa chini.

Jioni moja, mihogo ikiwa imefika magotini, akaniambia, "Sasa tusomee. Lakini ingia kwa mlango."

Nikasema, "Hadithi, hadithi!" Majirani wakaitika, na yeye akaitika kuliko wote. Nikasoma upya, kwa sababu kiangazi kile nilikuwa nimeandika upya. Ndani ya chombo watu wote wameshapanda, moto umewashwa, na chini amebaki mwanamke mmoja anayekataa kupanda kwa sababu mihogo yake ina miezi mitano. Rubani anamsihi. Mwenyekiti anamsihi. Anasema hapana. Na chombo kizima, na swichi zake na vidonge vyake, kinazima moto na kumsubiri mpaka mihogo ikomae. Watu walipiga vigelegele, mwanangu. Mzee wa mbuzi akataka kujua kama na yeye angeweza kuwekwa ndani ya hadithi. Nikamweka.

Basi nakwambia wazi, usije ukasema bibi alizunguka. Andika majoka yako. Andika nyota, andika uchawi, mimi sina ugomvi na mambo ambayo hayajawahi kutokea. Niliyapenda kabla baba yako hajazaliwa. Theluji pia iache kama umeng'ang'ania. Lakini usihamishe watu kwa sentensi moja. Hapa tulipo watu walihamishwa kweli, na kila mmoja alikuwa na kitu ardhini. Ukitaka kuitoa sayari nzima, shuka kwanza kwenye nyumba moja, muulize mwenye nyumba anaacha nini, na usiondoke mpaka akujibu. Wazee wako wafufue angalau wawili, uwape kitu cha kufanya zaidi ya kufa. Na msomaji wako umwite mlangoni akuitikie, usimvizie. Nimekuwekea alama nyekundu kwenye ukurasa wa kumi na mbili. Hapo ndipo kitabu chako kinapoanza, huko nyuma kote ulikuwa unapasha moto.

Mungu akubariki, mwanangu, akupe vyombo vya kukupeleka kusikofika jicho langu, na akupe moyo wa kuvizimia moto vimsubiri mtu mmoja aliyebaki chini. Ukishaandika upya, kilete barazani mwenyewe. Uje jioni, nitakuitikia.