Nilikata Waya wa Kijani, Watu Wakaitikia Amina

Jamani, msinipe pole. Dada yangu amekufa kwa mkono wangu, na nyumbani hakuna anayejua!

Mimi ni fundi mitambo hapa Buzuruga, nakodisha muziki. Amplifaya yangu ilikuja na waya mzuri wa umeme, una plagi ya pini tatu na alama ya ubora. Tatizo spika zilikuwa zinanguruma. Sisi mafundi tuna dawa yetu ya ngurumo: unafungua plagi, unaukata ule waya wa kijani unaopeleka shoti ardhini isimpige mtu. Nikaukata. Spika zikatulia, nikajiona fundi kwelikweli!

Dada ndiye aliyenilea baba alipofariki. Kwenye kwaya yeye ndiye alikuwa anaongoza nyimbo, na hakuwahi kumwimbia Mungu akiwa na viatu miguuni. Siku ya mkutano wa injili kule Usagara mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Akavua viatu, akashika maiki, akaiachia haraka.

"Mdogo wangu, hii kitu inaning'ata."

Nikacheka. Mimi nilikuwa na raba zangu, nimekaa kwenye kiti cha plastiki. Nikachukua maiki nyingine, mkutano mzima unasikia: "Dada yangu leo anaogopa maiki! Mpigieni makofi!"

Wakapiga. Akaona aibu, akaishika kwa mikono miwili.

Alipoanza kutetemeka watu wakalipuka. "Amina! Roho ameshuka!" Kinywa kilikuwa wazi, sauti haitoki. Na mimi mjinga nikaongeza sauti!

Alianguka, wakamzunguka wakimwombea. Hospitali walipokea maiti.

Sikiliza ubaya wangu sasa. Wenzangu wakilia, mimi nilifungua plagi nikaurudishia ule waya, asije mtu akauliza. Hakuna aliyeuliza.

Siku hizi mama anatoa ushuhuda kanisani kwamba binti yake alichukuliwa na Roho akiimba. Anashukuru! Mikono yake haina nguvu, hivyo namshikia maiki mimi. Watu wanaitikia amina, nami naitikia.

Ndugu zangu mnaokodisha muziki, ngurumo haijawahi kuua mtu, iacheni ingurume. Waya uliokuja na alama ya ubora msiuguse. Na mtu akikwambia maiki inang'ata, usimcheke, zima umeme kwanza!

Mimi Jumapili nafunga tena mitambo. Mama ana ushuhuda.