Tangazo la Msikiti wa Udongo

Mwaka wa tisini na saba nilikuwa karani katika baraza la mji mmoja mdogo kando ya Tana, upande wa Garissa. Mji wenyewe siutaji, maana wengi wa wale niliowakosea bado wako hai. Nilihamia huko kutoka Taita na watoto wawili na wasiwasi mwingi. Mimi ni mtu wa tumbo joto tangu zamani. Nikifunga mlango hurudi mara mbili kuutikisa, na bado njiani nauwaza.

Nyuma ya nyumba niliyopanga palikuwa na msikiti wa udongo, mkongwe kuliko jengo lolote mjini. Miaka ile viwanja vya umma vilikuwa vikinyakuliwa mchana kweupe, na mfanyabiashara mmoja alikuwa ameshapigilia vigingi vyake pale. Alitaka kujenga maduka, akaahidi kuwajengea waumini msikiti wa mawe kwingine. Wazee wa msikiti hawakutaka. Babu zao waliswali mle, nao walitaka kuswalia humo humo. Wakaja ofisini kuomba msaada, na mkubwa wangu akanipa kazi ya kuandika tangazo la kuufanya msikiti ule jengo la kumbukumbu, chini ya ulinzi wa mji.

Sikuwahi kuandika kitu cha namna hiyo. Nikapekua mafaili hadi nikapata nakala ya tangazo la mji wa pwani kuhusu msikiti wa mawe. Maneno yake yalikuwa mazito, nikayapenda. Mtu yeyote asibomoe, asiongeze, asipunguze, asipake kitu wala kugusa kuta bila idhini ya maandishi kutoka Nairobi. Nilichobadilisha ni jina la mji na la msikiti tu. Madiwani wakapitisha, kibao kikasimamishwa mbele ya mlango, na yule mfanyabiashara akang'oa vigingi vyake. Wazee waliniletea maziwa ya ngamia. Wiki nzima nililala usingizi wa mtu mwema.

Nilichokuwa sijui ni kwamba msikiti ule ulisimama kwa mikono ya wanawake. Sisi kwetu tunakandika nyumba kwa udongo uliochanganywa na samadi, na ukuta hukaa miaka. Lakini kwao samadi ni najisi, haiingii msikitini. Walitumia udongo wa mtoni na nyasi zilizokatwakatwa, basi. Kandiko la namna hiyo huliwa na mvua, kwa hiyo kila mwaka kabla ya vuli wanawake walilirudishia. Mtoto yeyote wa mtaa ule angeniambia hivyo kama ningeuliza.

Mwanzoni mwa Oktoba walikuja na makarai yao. Askari wa baraza wakawaonyesha kibao na kuwafukuza. Aliyewaongoza alikuwa jirani yangu, bibi wa Kisomali niliyemwita ayeeyo kama wajukuu zake walivyomwita. Alikuja moja kwa moja hadi mezani kwangu, udongo umemkaukia viwikoni.

"Wewe ndiyo iliandika usiguse?" akaniuliza.

Nikakubali.

"Mfua nakuja, mama. Sisi tukikaa hivi, ukuta nakwisha."

Nikakimbilia kwa mkubwa, naye akasema sheria ikishapitishwa imepitishwa, tuombe idhini Nairobi. Barua ikaondoka siku ile ile kwa basi. Kuanzia hapo kila basi lililoingia lilinikuta nimesimama stendi, nikimuuliza kondakta kama ana bahasha yetu, mpaka akaanza kunitania kwamba kuna mchumba ninamsubiri. Ningecheka, ila nilikuwa nikitazama mawingu nyuma ya kichwa chake.

Mvua ilipokuja ilikuwa ile ya Elnino, ambayo hakuna aliyeiishi anayehitaji kusimuliwa. Barabara ikakatika, mabasi yakakoma. Kila saa ya chakula cha mchana nilikwenda kuzitazama kuta. Kandiko lilibanduka vipande vipande kama ukoko wa ugali, na ndani yake fito zikaanza kuonekana. Ningeweza kuwaambia wanawake wakandike, nami nimalizane na mkubwa wangu. Niliwaza hivyo kila siku, na kila siku niliogopa kufutwa kazi. Msiba wa kujitakia hauna kilio, lakini mimi nililia sana, chooni ofisini, bomba likiwa wazi nisisikike.

Mwishowe, mvua ilipopumua kidogo, nilimwendea ayeeyo nikamwambia wakandike, nitajibu mimi. Hakunilaumu. Akajitanda shuka lake, tukaenda pamoja, akaubonyeza ukuta kwa kiganja. Vidole vyake vikazama.

"Sasa imechelewa," akasema. "Udongo haishiki ukuta ya maji."

Waumini walikuwa wameshahamia baraza ya duka kwa swala zao. Siku ya tatu, muda mfupi kabla ya adhuhuri, msikiti ulikaa chini. Hakukuwa na kishindo nilichokuwa nikikiogopa, ila mvumo mfupi, kisha paa likalala juu ya tope. Kibao kilibaki kimesimama.

Maji yalipopungua mkubwa aliniita. Alihofu kuulizwa na Nairobi. Akaniagiza niandike barua kwa watunzaji wa msikiti, waeleze kwa maandishi kwa nini jengo lililo chini ya ulinzi wa mji limeharibika mikononi mwao. Nikaipiga taipu. Nilikuwa na watoto wa kulisha, na hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Niliipeleka mwenyewe kwa wazee, nao wakasema mambo ya kuta ni ya ayeeyo.

Hakujua kusoma, akaniomba nimsomee. Nilisoma kila neno. Akauliza nani ameiandika. Nikamwambia ni mimi. Akanisogezea kigoda nikae.

"Basi andika na jibu," akasema. "Kalamu iko na wewe. Andika: sisi tuliambiwa usiguse. Hatukugusa."

Nikangoja aendelee. Akasema imekwisha. Nikamshika mkono, nikaliweka dole gumba lake kwenye wino, kisha kwenye karatasi.

Asubuhi yake nilipokea jibu hilo ofisini kama barua nyingine yoyote, nikaligonga muhuri na kulipeleka kwa mkubwa. Alilisoma, akaligeuza nyuma kuona kama kuna zaidi. Akaniuliza kama huyo mama hakuwa na la kuongeza. Nikamwambia hakuwa nalo. La kuongeza nilikuwa nalo mimi, nami nikanyamaza.