Kingo za Spika za Kanisa

Wiki iliyopita nilipita karibu na karakana ya fundi mmoja pale Bomet, nikakutana na harufu ya gundi ya plaiwudi ikiungua chini ya mashine. Hasira ikanipanda papo hapo. Wengine harufu huwakumbusha chapati za mama yao; mimi hii hunikumbusha jinsi baba alivyonichosha nikiwa na miaka kumi na moja.

Baba alikuwa mtu wa mitambo kwenye kiwanda cha majani chai, lakini kanisani kwetu, karibu na Kapsoit, walimjua kama fundi wa kila kitu. Kanisa lilikuwa limeezekwa mabati mapya, na nyinyi mnaijua mvua yetu ya mchana: ikianza kupiga mabati, hata mhubiri mwenye koo la fahali anabaki kuchezesha midomo tu. Kwa hivyo baba akaambiwa aunde spika mbili kubwa kabla ya Jumapili ya ufunguzi. Jumapili hiyo hiyo mimi ningeimba peke yangu kwa mara ya kwanza, na nilitaka kitu kimoja tu: baba anisikie, aseme nimeimba vizuri.

Kufikia Jumatano masanduku yalikuwa yamepigiliwa misumari, yamegundishwa, yamesimama wima. Nikaona kazi imeisha. Wapi! Baba akaleta rauta ya kuazima, ile mashine inayozungusha kisu kwa kasi, akasema kingo zote lazima ziwe za mviringo. Zote! Sanduku moja lina kingo kumi na mbili, hesabu mwenyewe.

Chini ya kile kisu kulikuwa na kigurudumu kidogo kinachotambaa kwenye ubavu wa mbao. Sasa plaiwudi yetu ilikuwa ile hafifu, yenye mashimo katikati ya matabaka. Kigurudumu kikifika kwenye shimo kinadumbukia, na kisu kinang'ata ukingo. Baba anazima mashine, anachanganya vumbi la mbao na gundi, anaziba, anangoja ikauke, anaanza tena. Nami nimeshikilia sanduku, vumbi mpaka kwenye kope, nikimwimbia ubeti wangu wa pili.

"Baba, nimeimba aje?"

Anapitisha kidole gumba kwenye ukingo.

"Baba! Si nakuuliza!"

"Bado kidogo," anasema, kana kwamba nimeuliza habari za mbao. "Hapa kuna donge."

Woi, hilo donge! Mimi sikuliona. Mama, aliyetuletea chai, hakuliona. Akamgusa baba bega, akangoja ageuke.

"Baba Chebet, si zitafunikwa na kapeti?"

Baba akacheka, akarudi kwa donge lake. Nililia kwa hasira siku ile, nikajiambia huyu mtu anapenda mbao kuliko mtoto wake.

Jumapili mvua ilitukuta katikati ya ibada. Nikashika maikrofoni, nikaimba, na sauti yangu ikapita juu ya kelele za mabati. Akina mama wakasimama. Nikamtafuta baba kwa macho. Alikuwa amepiga magoti kando ya spika, amenipa mgongo, viganja vyote viwili vimelala ubavuni mwa sanduku. Anakagua mbao zake! Siku yangu mimi! Kidogo tu nimrushie ile maikrofoni. Sikumsemesha wiki nzima, na kila nilipoombwa tena kuimba peke yangu, nilikataa kabisa.

Nilikuwa na watoto wangu mwenyewe nilipompeleka baba kwa daktari wa masikio, mama akiwa nasi. Daktari akasema masikio yale yalikufa zamani, yaliuawa na ngurumo za mitambo. Nikamgeukia mama. Alijua. Tangu kabla sijaanza shule baba alikuwa akitusoma midomo, na alificha asije akatolewa kazini. Kazi yoyote aliyoifanya, aliipima kwa vidole.

Nikachukua karatasi, nikamwandikia kwa herufi kubwa, nimekasirika kama mtoto: "Kwa hivyo hukuwahi kunisikia nikiimba?"

Akasoma, akaniangalia kwa mshangao.

"Nilikusikia siku ya ufunguzi," akasema. "Ubeti wa pili ulinifikia mpaka kwenye viwiko. Nikangoja uimbe tena."