Gia za Kongo

Alhamisi ile Zubaida alipika sufuria tatu kama kawaida: maharage, ugali tunaouita posho, na samaki. Akazipanga nyuma ya Opel, akazizungushia magunia zisicheze njiani. Halafu akaniona nimekaa mlangoni mwa garaji.

"Baba Ayesha, nisogezee gari nje, nifunge geti."

"Mikono yangu ina mafuta," nikasema.

Mikono yangu ilikuwa imeshika kikombe cha chai. Aliitazama. Akalitoa gari mwenyewe, akashuka, akafunga geti, akaenda zake Port Bell. Jioni alirudi na sufuria tupu. Tukala. Tukaongea habari ya bati linalovuja.

Kesho yake, Ijumaa, alianguka akitawadha. Presha. Tulipomfikisha hospitali wakasema tumechelewa. Alikuwa na miaka sitini na nane.

Ile habari ya mikono kuwa na mafuta ilikuwa uongo. Uongo huo ulikuwa na miaka ishirini na moja.

Zubaida alizaliwa Bombo, Mnubi, babu yake alikuja na askari wa Mwingereza kutoka Sudani. Mimi ni Mwacholi. Shule sikwenda, herufi nilijifunza kwenye makasha ya spea. Nilikuwa fundi wa malori ya jeshi, naye alikuwa akileta gurusa, mkate wao wa Kinubi, kuuza pale karakana yetu. Nilinunua gurusa kila siku mwaka mzima. Siipendi gurusa. Yeye Mwislamu, mimi Mkatoliki. Wakubwa wa pande zote mbili walikasirika, halafu wakazeeka, wakaacha.

Alikuwa anatumia mkono wa kushoto. Mama yake alimchapa sana kwa ajili hiyo. Mezani akajifunza kula kwa kulia kama watu, lakini kazi zote nyingine alizifanya kwa kushoto, kukata nyama, kushona, kusonga posho.

Nilipotoka jeshini nikafungua garaji hapa Nateete. Mwaka 2003 Valère, mfanyabiashara wa Kongo, alikuja na lori lililokufa injini. Nililifufua. Akanilipa kwa gari: Opel ya mwaka 1964, ya bodi ndefu nyuma, rangi ya maziwa. Aliliendesha mwenyewe kutoka Beni, kwao Kongo. Zubaida alilizunguka mara moja, akafungua mlango wa nyuma, akapima kwa mikono.

"Sufuria tatu zinaingia," akasema. "Nifundishe kuendesha."

Wakati ule alikuwa akipeleka chakula Port Bell kwa teksi, sufuria mapajani. Aliwalisha watu wanaofunga mabehewa kwenye meli, pale ziwani.

Shida ilikuwa moja. Kongo dereva hukaa kushoto, kwetu hukaa kulia. Nikahamisha steringi yote. Gia ya gari hilo haiko sakafuni. Ni mkono mwembamba unaotoka ubavuni mwa steringi, ukiwa na kirungu mwishoni. Kongo ulikuwa upande wa kulia wa steringi. Hapa ilibidi uwe kushoto. Nikaukata, nikauchomelea upande wa pili wa bomba linaloubeba. Kazi ya siku tisa. Pale nilipochomelea hapana ufa hata leo.

Kitu kimoja nilisahau. Bomba lile huzunguka. Ukiinua mkono ulio kulia linazunguka huku, ukiinua mkono ulio kushoto linazunguka kule. Kwa hiyo juu ikawa chini na chini ikawa juu. Namba wani ikakaa mahali pa rivasi, na rivasi mahali pa namba wani.

Nilijua hilo siku ya kumi, mbele ya watu. Nilivuta gia chini kutia namba wani, nikaachia klachi, nikarudi nyuma mpaka ndani ya banda la kuku la jirani yangu Erinayo.

"Tarcisio!" Erinayo akapiga kelele. "Kuku wangu wamekukosea nini?"

Valère alikuwa amesimama hapo. Akasema, "Mzee, gia umezipindua."

"Za Kongo ziko hivyo," nikasema.

Valère ni Mkongo. Akalinyooshea gari kidole. "Mzee, mimi ndiye nimetoka nayo Kongo."

"Basi hukuangalia vizuri."

Dawa yake ilikuwa nyepesi. Chini ya lile bomba kuna kijikono kimefungwa kwa bolti moja. Ukikigeuza, kila kitu kinakaa sawa. Nilipanga kukigeuza Jumapili, watu wakiwa misa. Lakini Jumamosi Zubaida alijifunza, na yeye pia nikamwambia za Kongo ziko hivyo. Alikaa kwenye usukani, akazunguka uwanja mara nne, mkono wa kushoto unapanda unashuka, hakukosea hata mara moja. Hakuwa ameendesha gari jingine maishani. Hakuwa na kitu cha kusahau.

Aliposhuka alikuwa anacheka. Nikasema moyoni nitakigeuza wiki ijayo.

Wiki hiyo ilipofika alikuwa ameshakwenda nalo Port Bell. Mwezi wa pili akapata pamiti ya kuendesha. Mpimaji aliangalia barabara, hakuangalia mkono wake. Baada ya hapo, kuzigeuza kungekuwa kumwambia: nilikudanganya, na sasa jifunze upya. Nikaacha.

Mtu mwingine hakuweza kuliendesha. Fundi wangu mmoja alijaribu, likaruka nyuma naye, akakaa na shingo ngumu siku tatu. Mwizi aliliwasha mchana kweupe sokoni Nakasero. Tulilikuta limegonga nguzo iliyokuwa nyuma yake. Mwizi hakuonekana. Na mimi, fundi, kila nikiambiwa lisogeze, mikono yangu ilikuwa na mafuta.

Katika matanga walikuja watu wengi wa bandarini. Mkubwa wao ni Okullo, mtu mrefu wa sauti nene. Aliketi kando yangu.

"Afande," akasema, "sisi tuna ombi. Najua Wanubi siku ya arobaini wanalisha watu. Chakula chetu kije na gari yake. Si pikapu ya kukodi. Miaka ishirini na moja tunasikia mlio wa ile gari ikishuka, tunanawa mikono."

"Itakuja," nikasema.

Binti yetu Ayesha alinisikia. Alinifuata nyuma ya nyumba.

"Baba, nani ataiendesha?"

"Mimi."

"Wewe?"

"Nimeendesha malori ya jeshi miaka ishirini na sita."

"Kwenda mbele?"

Ana ulimi wa mama yake. Yeye ana gari lake, lile lisilo na gia, unakanyaga tu. Opel ilimshinda zamani.

Valère alikuja wiki ya pili. Amezeeka, ana duka la spea hapa hapa Nateete. Alizunguka Opel, akapiga bodi kwa vidole.

"Mzee, ile bolti. Spana kumi na tatu. Kabla chai haijapoa umemaliza. Mi nashika tochi tu."

"Ziko sawa."

"Mama hayupo tena, mzee. Utamficha nani?"

Alipoondoka nilichukua spana namba kumi na tatu, nikaingia chini ya gari. Bolti ililegea bila ubishi. Nikatoka ili nishike mkono wa gia, niupime.

Wanawake wa Kinubi husuka tabaga, vile vifuniko vya chakula vya rangi rangi. Zubaida alikuwa ameisukia gia tabaga dogo, nyekundu na kijani, likakivisha kile kirungu kama kofia. Upande wa juu rangi zilikuwa bado. Upande wa chini ukili ulikuwa umelika mpaka chuma kinaonekana, vishimo vitatu, mahali vidole vyake vilipoinua kutia namba wani. Nikaweka vidole vyangu hapo. Nikivuta chini kama dereva mwingine yeyote, vile vishimo visingeguswa na mtu tena.

Nikarudi chini ya gari, nikakaza bolti.

Siku iliyofuata nilianza kujifunza. Kichwa kilielewa haraka. Mkono haukuelewa. Mkono wangu umevuta namba wani chini tangu nikiwa kijana, haukubali kuambiwa. Siku ya tatu nikaingia tena kwenye banda la kuku.

Erinayo alitoka polepole. Ana miaka themanini. "Ya kwanza hujaomba radhi bado," akasema, "umeleta ya pili."

"Nisamehe."

"Kwa ipi?"

"Zote."

"Sawa. Sasa lete mbao."

Ayesha alinionea huruma, au aliwaonea kuku. Alisema, "Baba, wewe unafikiri gari. Mama hakufikiri gari. Aliponifundisha alisema hivi: namba wani ni kuinua kifuniko, vuta kwako, juu. Namba mbili ni kukandamiza posho, sukuma mbele, chini. Namba tatu ni kupandisha sufuria kwenye rafu, mbele, juu. Rivasi ni kufunika, kwako, chini. Ukifunika, unarudi nyuma. Ukifunua, unakwenda."

"Mimi sijui kupika."

"Najua hujui."

Akaniweka jikoni. Niliinua vifuniko. Nilisonga posho kwa mkono wa kushoto, ikawa na mabonge, akanilazimisha kuila. Siku saba hivyo. Majirani walipita getini wakaniona na mwiko, wakasalimia kwa adabu nyingi kuliko kawaida. Siku ya nane nilikaa kwenye Opel, nikainua kifuniko. Ikaenda mbele.

Siku ya arobaini Ayesha na shangazi zake kutoka Bombo walipika tangu alfajiri. Sufuria tatu. Nikazizungushia magunia mimi mwenyewe. Ayesha alikaa kando yangu, ameshika mkanda kwa mikono miwili.

"Mikono yako haina mafuta leo?" akauliza.

"Haina."

Tulitoka Nateete saa nne. Ndeeba, kifuniko, posho, rafu. Kibuye palikuwa na foleni. Gari likasimama, likaenda, likasimama. Karibu na Mukwano nyuma yangu walipiga honi, nikaona aibu, na nikiwa na aibu mkono ukakumbuka jeshi. Ukavuta chini. Opel ikaruka nyuma hatua mbili. Bodaboda mmoja akakwepa akakaribia dirisha.

"Mzee! Umesahau kitu nyumbani?"

"Funua, Baba," Ayesha akanong'ona. "Funua, usifunike."

Nikafunua. Tukaenda.

Barabara ya Luzira inashuka kuelekea ziwani. Sikukanyaga breki sana. Zubaida alikuwa akiliacha lishuke kwa mlio wake. Watu wa Okullo walikuwa wamesimama kwenye mabehewa. Mmoja akavua kofia. Wengine wakaenda kwenye bomba, wakaanza kunawa mikono.

Mahali pake pa kuegesha ni kati ya stoo na rundo la mataruma ya reli, lazima uingie kinyumenyume. Nikafunika. Nikaingia mara moja. Nikazima injini, nikashuka kufungua mlango wa nyuma.

Sheikh mmoja wa Luzira alisoma dua. Watu walikula. Halafu wakaanza kuongea kama kawaida. Okullo alikuja na sahani yake, akaegemea bodi ya Opel.

"Umeiweza, Afande."

Nilikuwa na neno lililotakiwa kutoka, na mwenye haki ya kulisikia hakuwapo. Nikampa Okullo.

"Okullo, hizi gia ziko kinyume. Nilikosea mimi wakati wa kuhamisha. Nikamwambia mke wangu za Kongo ziko hivyo. Miaka ishirini na moja. Amekufa hajui."

Okullo alimeza alichokuwa anatafuna. Aliwatazama wenzake. Mmoja akaanza kucheka, akaziba mdomo kwa mkono.

"Afande, hapa tunapakua magari yanayokwenda Kongo. Tunaendesha sisi wenyewe kuyatoa melini. Mwezi ule wa kwanza nilimwonyesha moja la zamani, gia yake iko kwenye steringi kama hii. Akakaa ndani, akashika gia, akaipeleka juu, akaipeleka chini. Akashuka."

"Akajua?"

"Akajua. Nikamwambia, Mama, mwambie mzee azigeuze, ni kazi ndogo. Akakataa."

"Alisemaje?" nikauliza. "Usiongeze. Sema kama alivyosema."

Okullo aliweka sahani juu ya Opel, akafuta mikono kwenye suruali.

"Alisema: 'Tangu anioe, yule mzee ameniharibia kitu kimoja tu, na hicho nimeshajua kukiendesha.'"