Siku Bwana Fundi Aliporuka Bila Kukusudia

Wapo wanaosema kisasi hakimshibishi mtu. Mimi kilinishibisha. Nikikikumbuka hata leo, na mvi zangu na tumbo langu la mwalimu, hulazimika kulegeza mshipi tundu moja.

Katikati ya miaka ya hamsini nilikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu kule Uganda, na likizo ndefu nilirudi Nakuru kwa mjomba wangu aliyenilea. Mjomba alikuwa nyapara kwenye kiwanja cha ndege cha masetla, uwanda wa nyasi nje ya mji uliopakana na mashamba ya ngano. Alinitafutia kibarua hapo: kubeba mafuta, kufagia banda, kusukuma ndege.

Siku ya kwanza nilikwenda nimevaa tai. Bwana fundi, Mzungu aliyezitengeneza ndege zote za pale, nilimsalimu kwa Kiingereza nilichokipiga pasi kuliko shati langu. Alinitazama kama mtu anayemtazama mbwa aliyesimama kwa miguu miwili.

"Hapana sema Kingereza na mimi," akasema kwa Kiswahili cha masetla. "Kingereza ya Mzungu. Leta hiyo tai."

Nikamvulia. Akaitumbukiza kwenye injini kama kijiti cha kupimia oili, akaitoa, akaitazama. "Oili iko mingi," akasema, akanirudishia.

Vibarua waliangua kicheko, kisha wakauona uso wa mjomba, wakanyamaza. Lakini tangu siku hiyo jina langu likawa Digrii. "Digrii, leta ndoo." "Digrii, hebu muulize huyu punda kwa Kizungu, mbona hasogei?"

Nikaanza kupanga kisasi. Kilikuwa kisasi cha msomi: kilikuwa na utangulizi, hoja kuu na hitimisho, ila hakikuwa na siku ya kutekelezwa. Kila asubuhi nilifika kiwanjani nikiwa nimekiboresha aya moja, na kila asubuhi nilimwambia bwana fundi, "Jambo, bwana," nikaenda kuchukua ufagio.

Likizo hiyo masetla waliletewa ndege ya kivita ya jeti, kuukuu, iliyokwisha kustaafishwa jeshini, ili watu waitazame kwenye maonyesho ya kilimo. Rubani aliyeileta aliiacha, akapanda treni kurudi Nairobi. Bwana fundi mwenyewe hakuwa rubani. Alijua kufungua injini na kuifunga, basi. Asubuhi moja akaamua kupima breki: angeiendesha ndege chini kama gari, asimame, ageuke, arudi. Mjomba aliwekwa karibu na mwisho wa kiwanja, ameshika bendera nyekundu. Akiiinua, ndege isimame.

Jeti za zamani hazikuwa nyepesi kuitika. Unausukuma mkono wa mafuta, husikii kitu, unangoja. Bwana fundi hakuwa mtu wa kungoja kuitikiwa. Akausukuma tena, na tena, mpaka mwisho, ndipo ndege ikaitika yote kwa mara moja. Ikatupita ikinguruma hadi meno yakatutetema, kioo cha juu kiko wazi, kofia ya bwana ikipaa peke yake. Mbele tulimwona mjomba akiipunga bendera kwa mikono miwili, kisha tukamwona akiruka pembeni. Nyuma yake ulikuwa ua wa seng'enge. Sijui bwana fundi aliwaza nini. Alivuta usukani, na ndege ikaondoka ardhini.

Vibarua walishika vichwa. Mimi nilisali. Nilimwomba Mungu kwa moyo wangu wote asimwue, kwa sababu maiti haoni aibu.

Ikakata kona juu ya Milimani, mtaa wa Wazungu, ambako nilisikia baadaye mabibi walitoka bustanini wakaipungia mikono wakidhani ni heshima wanafanyiwa. Ikapita juu ya ziwa, na heroe wakainuka wote kwa pamoja, waridi mtupu, wao angalau wakiwa wamekusudia kuruka. Ikarudi kwetu ikashindwa kushuka. Ikazunguka, ikashindwa tena. Safari ya tatu ikagonga nyasi, ikadunda, ikapasua ua, ikaingia kwenye ngano, ikasimama imezamisha magurudumu matopeni.

Tulipomfikia alikuwa mzima. Ilibidi wanaume wawili wamfungue vidole kutoka kwenye usukani, kimoja kimoja. Kaptura yake ilikuwa imelowa chapachapa. Hakuna aliyecheka. Tuliweka akiba.

Alipopata sauti alikwenda kwenye simu akawaambia wakubwa wake wa Nairobi kwamba nyapara hakuinua bendera. Asubuhi yake mjomba akaambiwa hana kazi, na nyumba ya kiwanja aihame kabla ya Jumapili. Hiyo ilikuwa miaka ya hali ya hatari: Mwafrika asiye na kazi mjini alikuwa anangojea tu kukamatwa. Na watoto wa mjomba walikuwa wakisoma hapo Nakuru.

"Naenda kusema," nikamwambia. "Sote tulikuona ukiipunga."

"Wewe na nani?" mjomba akauliza, akikunja godoro. "Neno letu na neno la Mzungu, utayaweka kwenye mizani gani? Kaa chini, kijana. Shika hii kamba tufunge sanduku."

Kabla hajamaliza kufunga, akaja afisa kutoka Nairobi kuitazama ndege. Alikuwa mgeni kutoka Uingereza, hana hata neno moja la Kiswahili. Aliikuta jeti bado kwenye ngano. Trekta lilikuwa limejaribiwa likakaribia kuuvunja mguu wa mbele, kwa hiyo ilibaki kuvutwa na watu. Tulifunga kamba, tukajipanga.

"Vuta!" bwana fundi akapaza sauti. Huyu akavuta, yule akapumua. "Vuta, nyinyi!" Yule akavuta, huyu akapumua. Ndege haikutikisika. Sikujua kama ulikuwa mgomo au walishindwa kweli. Nadhani wenyewe pia hawakujua.

Afisa akauliza kama yupo anayejua Kiingereza.

"Digrii," mtu akanong'ona nyuma yangu, "leo unahitajika."

Nikatoka mbele, nikamweleza kwamba hapa mzigo mzito hauvutwi ila kwa wimbo, na mwenye wimbo, nyapara wetu, amefukuzwa kazi. Bwana fundi alinikazia macho, lakini mbele ya mkubwa wake angenikatazaje Kiingereza?

"Mleteni," afisa akasema.

Mjomba akaja na koti lake la kanisani. Hakumtazama mtu. Akasimama kando ya bawa, akakohoa, akaanza:

"Bwana alipanda kupima breki—"

"Vuta!"

"Akasema naenda pale narudi—"

"Vuta!"

Magurudumu yakatoa sauti ya matope yanayoachia. Ndege ikasogea. Afisa akafurahi, akaniuliza wanaimba nini. Nikawa natembea kando yake nikimtafsiria mstari kwa mstari.

"Kaptura ya bwana ilitota—"

"Vuta!"

"Na mvua siku hiyo haikunyesha—"

"Vuta!"

Nilitafuta neno la Kiingereza lenye heshima la jambo hilo, nikalipata, nikaliacha, nikatumia lile jingine. Afisa akakohoa ndani ya ngumi. Bwana fundi alielewa kila kitu, mara mbili, kwa lugha mbili, lakini alivumilia. Ndipo mjomba akapandisha sauti:

"Bendera nyekundu niliinua—"

"Vuta!"

"Nikalala njiani kama gunia—"

"Vuta!"

"Bwana akaniruka kama mfereji—"

"Rongo!" bwana fundi akalipuka. "Rongo kabisa! Wewe hapana lala! Wewe simama tu, pungapunga bendera! Mimi naona wewe na macho yangu!"

Kamba zikalegea.

Afisa akanigeukia. "Amesema nini?"

Ule mpango wangu wenye utangulizi na hitimisho haukuwahi kuota kitu kama hicho. Nikatafsiri: "Anasema, bwana, kwamba nyapara hakulala chini. Anasema alikuwa amesimama akipunga bendera, na kwamba yeye mwenyewe alimwona kwa macho yake." Kiswahili chake kilikuwa kibovu, Kiingereza nilichompa kilikuwa safi kuliko alivyostahili. Sikuongeza neno. Sikupunguza.

Afisa, aliyekuwa ameambiwa kwa simu kwamba bendera haikuinuliwa, akasema nimwambie nyapara kwamba kazi yake ipo na nyumba yake ipo. Nikamwambia.

"Mwambie nimesikia," mjomba akajibu. "Sasa aniache nifanye kazi."

"Mjomba," nikamwuliza chinichini, "kwani baada ya kuruka pembeni ulilala kweli?"

"Nilale matopeni na shati la kufuliwa jana? Mke wangu angeniua kabla ya ndege."

Afisa akamwagiza bwana fundi akashike chuma cha kugeuzia gurudumu la mbele. Kazi hiyo hufanywa umeinama, mgongo juani, na huwezi kuachia mpaka wavutaji wasimame. Na wavutaji husimama mwenye wimbo anaposimama. Tukatoka kwenye ngano, tukapita pengo la ua, tukakanyaga nyasi za kiwanja. Mjomba alikuwa amerudi mwanzo wa wimbo na kuongeza beti. Vidole vikapata ubeti wao. Kofia ikapata wake. Mabibi wa Milimani wakapata wao.

Tulifika mbele ya banda. Milango ilikuwa wazi. Vibarua wakamtazama mjomba wakingoja neno la kusimama, naye akalitazama banda, akaitazama ile shingo iliyoinama ikitiririka jasho, akageukia uwanda wote uliokuwa mtupu mbele yetu.

"Bado kidogo, bwana—" akaimba.

Wakacheka, na sijui nguvu zile walizitoa wapi. "Vuta!"

Banda likabaki nyuma. Afisa alitazama saa yake, akamtazama fundi wake. Nikamwuliza kwa adabu kama angependa niendelee kutafsiri.

Akasema niendelee.