Katiba Yangu ya Sheria Ishirini na Tatu

Mke wangu hapendi niisimulie habari hii mbele ya wageni, anasema inanishusha, lakini mimi nilishashuka siku ile ile mbele ya kijiji kizima pale Masukulu, sasa nitashuka wapi tena.

Ilikuwa miaka ile serikali iliporuhusu watu binafsi kununua kahawa, na kwetu akaja mnunuzi mmoja aliyesema atachukua kahawa yetu yote mradi tuwe kikundi kilichosajiliwa, chenye katiba, la sivyo anakwenda zake Mpuguso. Mwenyekiti wetu, Mzee Anyosisye, akanipa mimi kazi ya kuiandika kwa sababu nilikuwa nimemaliza kidato cha nne (nilimaliza vipi, hilo hakuuliza). Nikakaa na daftari, nikaona neno "kanuni" halina uzito, na "utaratibu" ndiyo kabisa, linasikika kama mtu anayebembeleza, basi nikachagua "sheria". Kila kifungu kikaanza hivyo: ni sheria kufika mkutanoni saa tatu, ni sheria kuchuma kahawa iliyoiva tu, ni sheria wajumbe kuketi mbele, mpaka vikafika ishirini na tatu, na mwisho, mkono ukiwa umeshapata moto, nikaandika kwamba atakayevunja sheria yoyote atafungwa.

Siku ya mkutano tulikusanyika darasani shuleni, afisa ushirika akaja kutoka Tukuyu, mnunuzi naye akaketi pembeni, nami nikasoma katiba kwa sauti nikiwa nimevaa koti la marehemu baba. Watu walikuwa kimya kabisa. Nikadhani ni heshima, kumbe ni hofu, maana walipoitwa kuweka dole gumba, wa kwanza aliurudisha mkono mfukoni akauliza kama mtu aliyechelewa kwa sababu ng'ombe wake anazaa naye atakwenda jela. Wa pili akasema mahabusu anapajua na hana hamu ya kurudi. Watu wakaanza kuokota miavuli, mnunuzi akatazama saa yake.

Afisa akaomba daftari, akalipitia taratibu.

"Sheria hutungwa na Bunge, bwana mdogo," akasema. "Hapa Bunge liko wapi?"

Ningenyamaza yangeishia hapo. Lakini mimi nikajibu kwamba ni maneno yale yale tu, sheria ni kubwa, kanuni ya kati, utaratibu mdogo. Afisa akauliza, "Kama mayai?" na darasa zima likacheka, mama yangu mzazi akiwemo.

Ndipo akasimama Mama Tusajigwe, mjane mwenye shamba upande wa Nkunga, ambaye hakusoma hata darasa moja na sheria aliiita "selia" (nami kwa hilo nilishamcheka mara nyingi). Akamwomba mwenyekiti ruhusa, akanigeukia.

"Gwe mwanangu, ukiiba kahawa yangu nakupeleka polisi, hata kama hatuko kikundi kimoja. Hiyo ni selia, tumeikuta. Tukikubaliana hapa kwamba kahawa mbichi haichumwi, hiyo ni kanuni, tumeifunga wenyewe na tunaweza kuifungua wenyewe. Nikikuazima shamba nikasema usikate migomba yangu, hilo ni sharti, hulitaki, unaliacha shamba. Na msibani waliotoka mbali hula kwanza. Huo ni utaratibu. Ukikosea hakuna wa kukufunga, utaona haya tu."

Afisa alikuwa akiandika maneno ya Mama Tusajigwe. Miaka yote ile shuleni niliyapima maneno hayo kwa ukubwa, na yule mama alikuwa anaona mtu nyuma ya kila neno: nani amelileta, nani anaweza kuliondoa, na ukilivunja utasimama mbele ya nani. Akaniuliza swali moja tu zaidi.

"Na huko kufunga, atatufunga nani? Wewe?"

Nikasema hapana, mama.

Mzee Anyosisye akamwomba mnunuzi asubiri, naye akasubiri. Tukakaa kwenye dawati la watoto, mimi nasoma kifungu, Mama Tusajigwe anafikiri kidogo kisha anakipa jina lake, hiki kanuni, hiki sharti, hiki utaratibu, hiki kifute, kinatutukana. Sheria haikubaki hata moja. Ilipofika mchana watu waliweka dole gumba bila kusukumwa, na afisa akaondoka na katiba yetu akisema ataisajili, naye akaisajili kweli.

Tangu hapo nimewaandikia watu mikataba na barua nyingi, na nimeapa sitaandika tena "ni sheria" kabla sijajua ni nani aliyeitunga na ni nani atakayefungwa kwayo. Nikishindwa kujibu, naweka kalamu chini, naenda kuuliza watu.