Koki Chini ya Lori

Pale gereji fundi wa dizeli tunamwita Nionyeshe, maana ndilo jibu lake kwa kila kitu. Ukimwambia nje kunanyesha, atatoka akaguse udongo. Kwa injini za dizeli tabia hiyo ni dawa. Kwa binadamu inachosha, na aliyechoshwa kuliko wote ni mkwewe, dereva aliyemuoa binti yake.

Asubuhi hiyo lori la mkwewe lililetwa likivutwa kwa mnyororo. Nyuma yake alikuja tajiri, mwenye lori, uso umemvimba kwa hasira.

"Huyu kaniibia dizeli, akajazia maji," alisema hata kabla ya salamu. "Ikithibitika, kazi yake imeisha leo hii."

"Sijagusa kitu, baba," dereva alimwambia Nionyeshe. "Jana nimeliacha zima, leo limegoma."

"Piga stata."

Injini ilizunguka kwa nguvu lakini haikuwaka. Betri nzima, stata nzima. Nionyeshe alikuwa anatazama bomba la moshi, na hapakutoka hata ukungu. Maana yake dizeli haifiki kwenye nozeli zinazoipuliza ndani ya injini. Akalegeza nati za mabomba ya nozeli, stata ikapigwa tena. Pakavu. Akamkata mkwewe jicho. Mimi nachomelea vyuma hapo jirani, na jicho lile lilikuwa limeshahukumu.

Akachota dizeli ya tangi kwenye chupa, akaiacha itulie. Ilibaki safi, hakuna tone la maji chini. Mtu mwingine angeshusha pumzi. Yeye akazidi kununa. Viatu vipya hivyo kavitoa wapi? Mbona anajifuta jasho na jua bado halijakolea?

"Nimemwoza binti yangu kwa mwizi," alininong'oneza. Roho iliniuma.

Akajilaza chini ya lori, akafuata bomba la dizeli kwa kiganja kuanzia tangini. Katikati ya chesisi mkono ukasimama. Akafungua kipande cha mpira wa tyubu kilichoviringishwa hapo.

"Kuna koki!"

Sote tukainama kutazama, isipokuwa tajiri. Nionyeshe aliipapasa koki juu na chini, halafu akatoka akijipangusa.

"Imefungwa. Koki ya mwizi ingekuwa na mdomo wa kumiminia. Hii haina, inaziba njia tu. Nani kaiweka?"

Tajiri akakohoa. "Mimi. Jioni naifunga, asije akaliendesha kwa mambo yake. Asubuhi naifungua kabla hajafika. Leo nimechelewa, simu zikawa nyingi, ikanipita."

Nilicheka mpaka nikavua miwani. Nionyeshe akaifungua koki, akapiga pampu ya mkono kutoa upepo, na lori likawaka kwa moshi mzito. Dereva hakucheka. Aliliacha lingurume kidogo, akalizima, akashuka na begi lake, akamkabidhi tajiri ufunguo.

"Unakwenda wapi? Si limepona?"

"Limepona, tajiri. Mimi ndiye nimechoka kufungiwa."

Akatoka getini. Tajiri akamsogelea Nionyeshe. "Unaona alivyonuna? Asiye na kosa angecheka na sisi. Mchunguze huyo, kuna kitu anaficha."

Namjua Nionyeshe, hayo hayo ndiyo aliyokuwa anayawaza, na kuyasikia kwenye kinywa cha mtu mwingine kulimtia aibu ambayo sijawahi kuiona usoni kwake. Akatupa spana, akakimbilia getini na ovaroli lake la mafuta. Barabara ilikuwa tupu.

Alitoa simu amtafute, akakuta namba ya mkwewe hana. Miaka yote hiyo hakuwahi kuiomba. Ikabidi ampigie binti yake.

"Nipe namba ya mumeo."

Simu ilikuwa na sauti kubwa, nami nilikuwa karibu, nikamsikia binti akishusha pumzi.

"Kwa nini, baba? Safari hii unasema kafanya nini?"